Feni ya mkanda na feni ya umeme: nani anaiamuru izunguke?

Funua boneti ya pikapu ya dizeli, uwashe injini. Nyuma ya rejeta utaona feni kubwa yenye mapanga mapana, na injini ikinguruma tu nayo imeshaanza kuzunguka. Sasa funua boneti ya gari dogo la abiria, uwashe. Feni ipo, pengine ziko mbili, lakini zimetulia tuli. Dakika zinapita, unaanza kuwaza labda zimeungua. Mara moja inashtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini, inavuma dakika moja au mbili, inanyamaza tena.

Ubishi wa gereji huanzia hapo. Huyu anasema feni ya mkanda, ile inayozungushwa na injini yenyewe, ndiyo feni, hizi za umeme ni za kuchezea watoto. Yule anasema feni ya mkanda inanyonya injini na kula mafuta, ing'oe uweke ya umeme upumue. Kila mmoja ana chembe ya ukweli. Wanachosahau kuulizana ni jambo moja: feni hiyo inapokea amri kutoka wapi? Ya mkanda inaitii kasi ya injini. Ya umeme inalitii joto la maji. Karibu kila sifa na kila kasoro ya feni hizi mbili inatokana na hilo.

Kwanza tukumbushane feni inafanya nini. Katika joto lote linalotoka kwenye mafuta yanayoungua, takriban theluthi moja ndiyo inayogeuka kuwa kazi ya kusukuma gari. Sehemu kubwa inatoka na moshi kwenye ekzosi, na nyingine kubwa vilevile inaingia kwenye maji yanayozunguka ndani ya injini. Pampu inayasukuma maji hayo, thamostati inayafungulia njia yakifika nyuzi 82 hadi 90 hivi za Selsiasi kutegemea gari, yanakwenda kwenye rejeta, na hewa inayopita katikati ya mapezi ya rejeta inayapoza.

Hewa hiyo inatoka wapi? Gari likikimbia kilomita 60 kwa saa na kuendelea, upepo unaoingia kwa mbele peke yake unatosha kwa matumizi ya kawaida, na feni inaweza kulala. Kazi yake hasa ni pale gari limesimama kwenye foleni, linatambaa, au linapanda mlima mrefu na mzigo mgongoni, injini inafanya kazi nzito na upepo ni haba.

Sasa itazame feni ya mkanda ya kizamani, ile iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti ya pampu ya maji. Gari likiwa kwenye foleni injini inazunguka mizunguko 700 au 800 kwa dakika, na feni nayo inajivuta hivyohivyo, wakati huo ndio inahitajika kuliko wakati wowote. Ukifika barabara kuu, injini inakwenda mizunguko 3,000, feni inapiga kelele kama tingatinga, na upepo wa mbele umeshamaliza kazi. Inalegea inapotakiwa na inajituma isipotakiwa.

Hasara yenyewe ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya kanuni moja ya feni zote. Ukiongeza kasi ya feni mara mbili, hewa inaongezeka mara mbili, lakini nguvu ya kuizungusha inaongezeka mara nane. Tuseme feni fulani inataka wati 100 ikiwa kwenye mizunguko 1,000. Ipeleke kwenye mizunguko 4,000 na itadai wati 6,400, sawa na nguvu za farasi zaidi ya nane, na zote zimekwenda kupuliza upepo ambao haukuombwa. Waundaji walijaribu kupunguza hasara hiyo kwa mapanga membamba yanayonyooka kadiri kasi inavyopanda, ili yashike hewa kidogo. Yalisaidia kiasi. Dawa iliyodumu ilikuwa nyingine.

Dawa hiyo ni klachi ya feni, na nakiri kwamba ni kifaa ninachokipenda. Ukiiangalia feni ya pikapu nyingi za dizeli, katikati ya mapanga kuna kisanduku cha duara cha alumini chenye mapezi kama ya silinda ya pikipiki. Usoni pake, upande unaotazama rejeta, kuna springi bapa iliyojikunja kama gamba la konokono. Ndiyo kompyuta yake yote. Springi hiyo ni metali mbili zilizobandikwa pamoja, na kwa kuwa kila metali hutanuka kwa kiasi chake, ikipata joto inajikunja zaidi au kujikunjua. Kujikunja huko kunazungusha kijilango kidogo kilichomo ndani.

Nyuma ya kijilango kuna mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikifika joto la nyuzi kama 70, mlango unafunguka, mafuta yanaingia kwenye mifereji myembamba kati ya sahani mbili zinazotazamana bila kugusana. Moja inazungushwa na mkanda, nyingine imeshika mapanga. Mafuta yale mazito yanaivuta sahani ya pili ifuate ya kwanza, na feni inakaza mwendo. Hewa ikipoa, mlango unafungwa, mafuta yanarudi ghalani, na feni inabaki ikiteleza kwa robo hivi ya kasi ya shafti. Haina waya hata mmoja wala fyuzi. Na hata ikiwa imekaza kabisa huwa inateleza kidogo, kwa hiyo injini ikipandishwa mizunguko ghafla mapanga hayaruki nayo yote.

Kuna sauti moja inayowatia watu wasiwasi bure. Asubuhi gari likiwashwa baada ya kulala, feni inavuma kama lori, halafu baada ya dakika moja au mbili inatulia. Si ugonjwa. Gari likiegeshwa usiku kucha, mafuta ya silikoni yanateremka na kujaa kwenye mifereji, kwa hiyo klachi inaamka imeshikana. Ikizunguka kidogo inayasukuma yarudi mahali pake. Kwangu mimi mvumo huo ni habari njema: mafuta bado yamo.

Klachi hii ina namna mbili za kufa. Ya kwanza ni kuvuja. Utaona vumbi lenye mafuta limejichora kama miale kutoka katikati kwenda kwenye ncha, na feni inazunguka kivivu hata injini ikiwa ya moto. Ya pili ni kuganda: feni inavuma muda wote, gari linakuwa zito, mafuta ya tangi yanakwenda. Kuna kipimo cha mkono. Injini ikiwa imepata joto, izime, toa ufunguo, kisha isukume panga kwa kidole. Ikikataa kidogo na kusimama mapema, bado ina uhai. Ikijizungukia mara tatu nne kama pangaboi, mafuta ya silikoni yamekwisha. Itikise pia mbele na nyuma, maana beringi ikilegea mapanga yanaweza kuigusa rejeta.

Feni ya umeme iliingia kwa mlango mwingine kabisa. Watu hudhani ililetwa ili kuokoa mafuta, na ni kweli inasaidia, lakini kilichoilazimisha hasa ni namna injini ilivyogeuzwa. Kwenye magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele injini imelala kwa upana. Puli zake zinatazama ubavuni, kwenye tairi, na rejeta iko mbele. Mkanda hauwezi kuizungusha feni inayotazama upande usio wake bila vituko. Mini ya mwaka 1959 ilitatua hilo kwa kuihamishia rejeta ubavuni kwenye feni, ikawa hewa ya moto inasukumwa kutokea kwenye uwazi wa tairi. Fiat 128 ya mwaka 1969 ilifuata njia iliyokuja kuwa ya wote: rejeta ikabaki mbele, feni ikapewa mota yake ya umeme na kuwashwa na joto. Tangu hapo injini ya kulala kwa upana na feni ya umeme ni pete na kidole.

Ubongo wa feni hiyo ya mwanzo ulikuwa swichi ya joto iliyochomekwa kwenye rejeta. Maji yakifika nyuzi 95 hivi inawasha, yakishuka nyuzi chache inazima. Siku hizi sensa inaiambia kompyuta ya gari, kompyuta inaamuru rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), na kwenye magari mapya mota inaongezwa au kupunguzwa kasi taratibu badala ya kuwashwa na kuzimwa tu. Faida ni wazi. Ukiwa kwenye foleni feni inazunguka kwa kasi yake yote hata kama injini inanong'ona. Ukiwa kasi barabarani, imelala. Na inaweza kuendelea hata ukishaizima injini, kwa sababu pampu ikisimama maji yanabaki yamekumbatia chuma cha moto na joto linapanda kwa muda. Ndiyo maana baadhi ya magari yanavuma yenyewe kwenye maegesho bila dereva. Ndiyo maana pia mkono wako haupaswi kukaa karibu na mapanga hayo kwa sababu tu injini imezimwa.

Kiyoyozi kimeongeza sababu. Mbele ya rejeta kuna kondensa inayotoa joto lililovutwa ndani ya gari, nayo inataka hewa. Kwa hiyo ukiwasha kiyoyozi, kwa kawaida feni inawaka hata kama maji hayajapata moto.

Tuje kwenye hesabu ya nguvu, maana hapa ushabiki huwa mwingi. Feni ya umeme haizunguki bure. Injini inazungusha altaneta, altaneta inatoa umeme, umeme unazungusha mota, mota inazungusha mapanga, na kila hatua inaomba chake. Chukua feni inayokula ampea 30 kwenye volti 13.5, takriban wati 400. Ikiwa altaneta inageuza asilimia 60 tu ya nguvu inayopewa, imechukua wati kama 670 kwenye mkanda. Mota yenye ufanisi wa asilimia 70 itaacha wati 280 zifike kwenye mapanga. Zaidi ya nusu imepotelea njiani! Mkanda ungezifikisha karibu zote. Kwa hiyo feni ya umeme ikizunguka saa nzima bila kupumzika ni hasara kuliko ya mkanda inayotoa upepo uleule. Inashinda kwa sababu muda mwingi imezimwa. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini malori bado yana mkanda. Feni ya lori kubwa ikikaza inaweza kutaka kilowati 30. Kwenye mfumo wa volti 24, hiyo ni ampea 1,250, na altaneta ya lori kwa kawaida inatoa mia moja na kitu. Hakuna waya utakaopenda kazi hiyo. Lori linabaki na feni ya mkanda, ila kwa klachi inayoshikishwa kwa upepo wa shinikizo au kwa amri ya kompyuta pale tu joto linapodai. Pikapu na magari makubwa ya kazi yako katikati, ndiyo maana klachi ya silikoni imedumu huko. Kulikuwa hata na njia ya tatu, feni inayozungushwa na mota ya mafuta ya shinikizo, kama kwenye Lexus ES 300 za miaka ya 1990. Inafanya kazi vizuri hadi siku inapoanza kuvuja.

Kabla ya kuilaumu feni

Gari likichemsha, feni ndiyo ya kwanza kuhukumiwa, mara nyingi bila ushahidi. Angalia linachemsha wakati gani. Mshale ukipanda kwenye foleni na kushuka ukianza kukimbia, shuku feni, ya aina yoyote ile. Mshale ukitulia kwenye foleni na kupanda ukiwa kasi barabara kuu, feni haihusiki hata kidogo, kwa sababu pale haikuwa na kazi. Tafuta rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, thamostati iliyokwama au maji yaliyopungua. Nimeona mtu akibadilishiwa feni mara mbili kwa ugonjwa wa aina hii ya pili. Feni zote zilikuwa nzima.

Kiyoyozi nacho ni shahidi mzuri kwa gari la feni ya umeme. Kikitoa baridi ukiwa mwendoni na vuguvugu ukisimama, kuna uwezekano mkubwa feni haizunguki. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama na utazame. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha ipe mota umeme wa betri moja kwa moja kwa sekunde chache. Ikizunguka hapo, mota haina kosa na tatizo liko kwa anayeiamuru.

Kuna mtego kwenye swichi za joto unaowachanganya hata mafundi wazoefu. Kwenye Toyota nyingi za zamani swichi ya rejeta inaunganisha umeme ikiwa baridi na kuukata ikipata moto. Kukata huko ndiko kunakoiachia rilei iwashe feni. Ukichomoa soketi yake, feni inawaka. Ni akili nzuri, maana waya ukikatika feni inazunguka badala ya kulala. Magari mengine ni kinyume: ukichomoa hupati kitu, hadi uziunganishe nyaya mbili. Fundi aliyezoea aina moja anaweza kuitupa swichi nzima ya aina nyingine.

Mtego wa pili ni wa maji kupungua. Swichi au sensa hupima maji yanayoigusa. Yakivuja hadi ikabaki hewani, inaweza kuona pametulia wakati hedi, sehemu ya juu ya injini, inaungua. Injini inachemsha, feni imekaa kimya, dereva anaapa kwamba feni imemuua. Ukweli ni kwamba hakuna aliyeiambia.

Na usilisahau lile kava la plastiki linaloizunguka feni. Wengi hulitoa kwa kuwa linasumbua wakati wa kufungua vitu, wasilirudishe. Bila kava feni inavuta hewa kutoka pembeni, ileile ya moto iliyokwisha kupita, na ile sehemu ya rejeta isiyotazamana na mapanga inabaki bila hewa. Feni inazunguka vizuri, kila mtu anaiona, na gari linachemsha.

Maji ya barabarani nayo yana lake. Ukiingia kwenye kina na feni ya mkanda, mapanga yanageuka kuwa pangaboi la meli: yanajivuta mbele, yanapinda, na yanaweza kuichana rejeta. Klachi iliyolegea husaidia kwa kuteleza. Feni ya umeme ikiwaka chini ya maji inazidiwa, na kama bahati si yako mota inaungua. Kwa ile ya umeme, kuchomoa soketi kabla ya kuvuka ni jambo la dakika moja.

Je, ubadilishe?

Kubadili feni ya mkanda kwa ya umeme kunawezekana, na kwa gari jepesi la petroli lisilobeba mizigo kunaweza kuwa kuzuri. Kelele zinapungua, mguu wa mafuta unahisi wepesi, foleni haikutishi. Lakini feni iwe inafunika rejeta ipasavyo na iwe na kava lake. Kama nafasi inaruhusu ikae nyuma ya rejeta ikivuta hewa, kwa sababu ikikaa mbele ikisukuma inaziba sehemu ya upepo wa mwendo. Mapanga yana upande wake pia: ukigeuza nyaya ili izunguke kinyume, inapuliza, ila kwa uvivu. Altaneta iwe na ampea za ziada. Waya uwe mnene, rilei iwepo, fyuzi iwe karibu na betri, kwani mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Na tafadhali, usiifunge kwa zile kamba za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta. Zinasugua miezi kadhaa, kisha maji yanaanza kudondoka mahali ambapo hakuna anayepatazama.

Kwa gari la kuvuta tela au kupanda milima na mzigo, ningeiacha klachi ilipo. Feni nyingi za umeme za kufunga kwenye gari la kawaida hazifikii upepo wa feni kubwa ya klachi ikiwa imekaza.

Linalonikera kuliko yote ni kuunga feni moja kwa moja. Swichi imekufa, fundi anavuta waya kutoka kwenye ufunguo, feni inazunguka mwanzo wa safari hadi mwisho. Kumbuka ile hesabu ya wati 670: kwenye hesabu hiyo faida ya feni ya umeme ilikuwa kulala, na sasa imenyimwa usingizi. Brashi za mota zinakwisha mapema, altaneta inabeba mzigo wa kudumu, na kama waya umepita bila rilei, swichi ya ufunguo inaanza kuyeyuka. Thamostati ikiwa nzima injini haitapozwa kupita kiasi, kwani yenyewe itafunga njia. Ila anayeunga feni hivyo mara nyingi ameshaitoa na thamostati pia, "ili maji yapite vizuri". Basi injini inakwenda baridi kilomita baada ya kilomita, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inaongeza mafuta, na mwenye gari anarudi gereji kuuliza kwa nini tangi linaisha haraka. Swichi iliyoanzisha yote hayo hutoka kwa kufungua soketi moja na kuizungusha kwa spana.